Wakuu wa shule tunafunzwa lini: kabla ya kukabidhiwa funguo, au baada ya kuharibu?

#1 Ufunguo_wa_Stoo

Habari za jioni wakuu. Leo neno "wakuu" naliandika kwa maana yake kamili. Nataka kuongea na walimu wakuu wa msingi, wakuu wa shule za sekondari, na yeyote ambaye barua yake ya uteuzi iko njiani bila yeye kujua.

Yangu ilifika siku ya Alhamisi, miaka sita iliyopita. Nilikuwa mtaaluma, yaani msimamizi wa masomo, kwenye shule moja ya msingi huku Kanda ya Ziwa, nafundisha hisabati la sita na la saba. Afisa Elimu Kata akanipigia: "Madam, pita ofisini uchukue barua, Jumatatu ukaripoti." Nikajua nimehamishwa, nikaanza kufikiria nani atanisaidia kubeba kabati. Kumbe nimekuwa mwalimu mkuu. Kati ya Alhamisi na Jumatatu nilikuwa na siku tatu za kujifunza kazi ambayo sikuwahi kuifanya hata kwa kukaimu.

Makabidhiano yalichukua dakika arobaini. Mwenzangu aliyekuwa anaondoka alikuwa anawahi basi la saa sita. Alinipa funguo kumi na moja zilizofungwa kwa kamba ya katani, nne kati yake hakujua za mlango gani. Muhuri ambao mpini wake ulishapasuka ukazungushiwa mpira wa baiskeli. Daftari la fedha. Boksi la stakabadhi lililoandikwa "MUHIMU" kwa maka pen. Akanionyesha kitabu cha hundi, akasema, "Msaini mwenzako kule benki ni yule mwalimu aliyehama mwaka jana, utambadilisha." Akatoa hati ya makabidhiano, nikasaini nikiwa nimesimama mlangoni, kwa sababu bodaboda yake ilikuwa inapiga honi.

Nilisaini kwamba nimepokea madawati ambayo sikuyahesabu. Miezi tisa baadaye wakaguzi wa ndani walipokuja, madawati thelathini na moja hayakuonekana, na jina lililokuwa kwenye karatasi lilikuwa langu. Ile hoja niliijibu kwa barua nne.

Sasa hela. Watu wa nje wanadhani mwalimu mkuu anakalia mamilioni. Shule yangu ilikuwa na wanafunzi 642. Ruzuku ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndizo zinashuka shuleni. Piga hesabu: 3,852,000 kwa mwaka, yaani 321,000 kwa mwezi. Humo kuna chaki, shajala, mitihani, matengenezo, mpira wa michezo na bati lililong'oka. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 hizi hela zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, jambo ambalo mimi naliunga mkono kwa mikono miwili. Ila mfumo ulipoleta hela shuleni, haukumleta mhasibu. Mhasibu ni mimi, mwalimu wa hisabati, na nataka niwaambie hisabati ya la saba na daftari la fedha ni dunia mbili. Mwezi wa kwanza niliandika matumizi upande wa mapato. Kurasa mbili nzima. Nikafuta kwa wino mweupe, kosa la pili kubwa kuliko la kwanza.

Mafunzo yalikuja baada ya miezi kumi na minne. Wiki moja, sitasema nani aliyaandaa. Siku nne zilikuwa za slaidi: majukumu ya mwalimu mkuu, sifa za kiongozi bora, aina za uongozi, kiongozi wa kidikteta, kiongozi wa kidemokrasia. Tukanakili. Siku ya tano, baada ya chai, mkufunzi mmoja mama mtu mzima akavua koti, akatoka nje ya ukumbi, akaingia tena akiwa "mwalimu wa la tatu aliyechelewa mara nne wiki hii." Akaninyooshea kidole mimi: mwite, ongea naye.

Nikaanza, "Mwalimu, kwa nini unachelewa?" Akanijibu hapo hapo, "Mkuu, mbona na wewe juzi ulichelewa?" Ukumbi ukaangua kicheko. Nikakwama kabisa. Akatoka, akaingia tena. Mara ya pili nikamtishia barua, akaanza kulia, nikamwomba msamaha, watu wakacheka zaidi. Mara ya tatu akaninong'oneza, "Weka daftari la mahudhurio mezani, mwonyeshe zile siku, halafu nyamaza." Nikaweka. Nikaonyesha. Nikanyamaza. Wakuu, ule ukimya ulikuwa mrefu sana. Yule "mwalimu" akaangalia daftari, akaangalia dirishani, mwisho akasema mwenyewe kwamba ana mtoto mgonjwa na anamnyonyesha kabla ya kutoka. Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza.

Ile nusu saa ndiyo niliyorudi nayo shuleni. Slaidi sikumbuki hata moja.

Na la daftari la fedha nilifundishwa na mwalimu mkuu wa shule jirani, alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Jumamosi tatu, chini ya mwembe wake, na stakabadhi zangu za kweli, siyo za mfano. Hakulipwa hata senti, nilimpelekea sukari kilo mbili.

Hoja yangu ni hii: kwa nini asiyejua kazi asipelekwe kwa anayeijua kwa muhula mmoja kabla ya barua? Akae naye ofisini, aone kikao cha kamati ya shule kinavyogeuka ugomvi, afunge mwezi wa hesabu pamoja naye. Kozi ya darasani ije juu ya hapo. Sisi tunafanya kinyume, tunamtupa mtu majini, halafu mwaka unaofuata tunamwita semina ya kuogelea.

Nawasilisha.

#2 Kona_ya_Nyuma

Nimekaa kona ya nyuma na kahawa, nasubiri wajuvi.

#3 Chaki_Vumbi

Madam umeandika vizuri, ila mimi ni mwalimu wa kawaida, niongee upande wa pili wa meza. Semina za viongozi tumeziona. Mkuu anaondoka Jumatatu na begi, anarudi Jumamosi na begi jipya la semina lenye nembo ya mradi. Tunauliza, "Mkuu, mmejifunza nini huko?" Anasema "mambo ya utawala." Mwezi unaofuata kinachobadilika ni kwamba sasa tunasaini mahudhurio mara mbili kwa siku badala ya moja.

Mnataka uongozi mzuri? Lipeni. Mwalimu mkuu wa msingi anapewa posho ya madaraka laki mbili kwa mwezi, mkuu wa sekondari laki mbili na nusu. Kwa ile presha ya afisa elimu, diwani, mzazi aliyelewa na mwenyekiti wa kijiji, laki mbili ni hela ya dawa za presha. Walimu wazuri wanakataa uteuzi kimya kimya, wanabaki wanaopenda kuitwa "mkuu." Hao hata ukiwapeleka kozi mwaka mzima wanarudi walivyo.

#4 Bwana_Saruji

Mimi ni mkuu wa shule, sekondari ya kata. Mleta uzi umenigusa kwenye donda. Mwenzako ulikwamia kwenye daftari la fedha, mimi nilikwamia kwenye mchanga.

Mwisho wa 2021, zile fedha za UVIKO. Nchi nzima madarasa 15,000: elfu kumi na mbili sekondari, elfu tatu vituo shikizi (vishule vidogo vinavyotegemea shule mama), kila darasa milioni 20. Kwangu yalishuka madarasa manne, yaani milioni 80 kwenye akaunti ya shule, na tarehe ya kukabidhi ikiwa imeshapangwa: watoto wa kidato cha kwanza wanaingia Januari. Hakuna mkandarasi, ni mafundi wa mtaani na kamati: ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi. Mwenye kuulizwa ni mkuu wa shule. Shahada yangu mimi ni Historia na Kiswahili. Naweza kukueleza Vita vya Majimaji mpaka ulale, lakini tofauti ya nondo ya milimita 10 na ya 12 niliijua siku lori limeshashusha.

Nikupe kitu kimoja kidogo. Mchanga unanunuliwa kwa tripu. Lori linakuja limechongoka juu kama kichuguu, unaona umepata. Tripu ya tatu, fundi mkuu, mzee mmoja hajamaliza hata la saba, akaniita pembeni: "Mkuu, panda." Nikapanda kwenye bodi na viatu vyangu vya kikao. Akanipa futi kamba. "Pima urefu, pima upana, halafu chomeka hii fito pembeni uone kina." Pembeni kina kilikuwa chini ya nusu ya katikati. Nilikuwa nimelipia tripu mbili za vichuguu. Kuanzia hapo hakuna lori lililoshusha kabla sijapanda. Wanafunzi wakanibatiza jina, na hata hili ninalotumia hapa nimelitoa huko.

Madarasa yakakamilika, tukapongezwa, picha zikapigwa. Jambo ambalo hakuna aliyeniuliza: ile miezi mitatu sikuingia kwenye darasa hata moja kuona mtu anafundisha. Sijakagua andalio la somo, sijui kama kidato cha pili wana mwalimu wa fizikia au wanajisomea. Makamu wangu naye alikuwa kamati ya mapokezi, anahesabu saruji usiku. Shule ilijengwa na shule ikasimama, vyote kwa wakati mmoja.

Halafu ukishazoea karatasi zako, 2023 ikaja NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, manunuzi yote yapite humo. Dhamira nzuri, sibishi. Ila mimi nilifundishwa na kijana wa stesheneri mjini, nikimlipa elfu tano kila nikikwama. Huyo ndiye aliyekuwa mkufunzi wangu wa maendeleo ya kitaaluma, andika hiyo.

#5 Kona_ya_Nyuma

Hahaha "viatu vya kikao." Endelea mkuu.

#6 Mzee_wa_MANTEP

Vijana hamjambo.

Mimi nimestaafu, shule nimeongoza miaka kumi na tisa, tatu tofauti. Niwakumbushe tu kwamba haya mnayoyalilia nchi hii iliyafikiria zamani. Mwaka 1979 kilianzishwa chuo pale Bagamoyo, MANTEP, kazi yake hasa ikiwa kufundisha viongozi wa elimu. Mwaka 2001 kikageuzwa kuwa wakala, ADEM mnayoijua leo, na sasa kuna kampasi Mwanza na Mbeya. Wazee tunaendelea kuita Mantepu, hata mabasi ya Bagamoyo wanaelewa. Stashahada ya uongozi na utawala katika elimu ipo pale, na siyo ya slaidi tupu. Tatizo la nchi kubwa ni hesabu: shule za msingi ni maelfu kwa maelfu, viongozi wanahama, wanastaafu, wanavuliwa, na kila anayevuliwa anaacha kiti kinachojazwa kwa siku tatu, kama ulivyojazwa wewe binti yangu.

Lakini hilo la kumkabidhi mgeni kwa mwenyeji nina shaka nalo. Wewe ulibahatika kupata jirani mwenye mwembe na mwenye roho. Ungeangukia kwa jirani anayeandika mihtasari ya vikao ambavyo havikukaa? Ungejifunza hiyo, na ungejifunza vizuri. Niliwahi kuletewa msaidizi aliyekaa chini ya mtu wa namna hiyo. Siku ya kwanza tu akaniuliza, "Mkuu, mihtasari ya robo hii tunaitunga lini?" Hakuwa mtu mbaya. Ndivyo alivyolelewa.

Kwa hiyo kama ni muhula mmoja, mwenyeji wa kumpelekea achaguliwe kwa macho makali kuliko hata anayepelekwa.

#7 Ufunguo_wa_Stoo

Shikamoo mzee wangu. Hapo umenishika, sikulifikiria. Naongeza kwenye hoja: wenyeji wachujwe, na wapunguziwe vipindi ili wapate muda wa kulea mtu.

Chaki_Vumbi, la posho sikatai hata kidogo. Ila hebu nijibu: mkuu wako akiongezwa hadi laki tano, kesho asubuhi atajua kuongea na mwalimu anayechelewa?

#8 Mwambao_wa_Kwale

Hamjambo ndugu zetu wa upande wa pili. Huku Kenya sisi husema "mwalimu mkuu" hata wa sekondari, basi msichanganyikiwe.

Kwetu mtu hupitia unaibu kwanza, miaka kadhaa, kabla hajapewa shule. Kwa hivyo ile ya kutupwa majini si kali kama yenu. Na tuna taasisi yetu, KEMI, ambayo ilianza 1981 ikiitwa KESI, hutoa diploma ya uongozi wa elimu na mafunzo ya usimamizi wa pesa. Wengi wetu tumepita huko, wengine kwa likizo zao na kwa pesa zao mfukoni.

Lakini mafunzo hukuandaa kwa shule ya jana. Januari 2023 Gredi ya 7, mwaka wa kwanza wa sekondari ya chini kwenye mtaala mpya, ikaingia, na ikawekwa ndani ya shule za msingi. Asubuhi moja mwalimu mkuu wa msingi aliyezoea chekechea hadi darasa la nane akajikuta na walimu vijana wenye digrii, wanaomwambia wazi kwamba hawataki kusimamiwa na yeye, wanataka uongozi wao. Mimi nilikuwa na wanne. Wakikaa chini ya mnazi wao, sisi chumba cha walimu. Birika mbili za chai, madaftari mawili ya zamu. Hakuna diploma iliyowahi kunifunza namna ya kuunganisha birika mbili.

Nilichofanya si cha ajabu. Nilihamisha kiti changu. Kila saa nne nikawa nanywa chai mnazini, bila ajenda. Wiki ya tatu mmoja akaniuliza mbona ratiba inawabana vipindi vya mwisho vya sayansi. Nikampa kalamu aipange upya. Mabishano ya nani amsimamie nani hayajaisha mpaka leo, hayo ni ya wakubwa. Lakini ratiba yangu ni nzuri kuliko ya shule yoyote katika wadi yetu.

#9 Baridi_ya_Leicester

Nawasoma kutoka Uingereza, nafundisha hisabati huku mwaka wa kumi sasa, nilianzia ualimu Morogoro.

Mkidhani wenzetu wamelimaliza hili, hapana. England walianzisha cheti cha kitaifa cha ukuu wa shule mwaka 1997, wakakifanya cha lazima kwa mkuu mpya mwaka 2009, halafu 2012 wakaondoa ulazima. Kipo, lakini hulazimiki. Singapore tangu 2001 wanamchukua mtu anayetarajiwa kuwa mkuu, wanamtoa kazini miezi sita kusoma muda wote, mshahara unaendelea. Ile ni nchi ndogo yenye hela, siileti kama mfano wa kuiga kesho. Naileta kwa sababu ya mpangilio: kozi kwanza, barua baadaye. Hilo la mleta uzi siyo ndoto za mwembeni.

Na kuna utafiti wa mwaka 2008 wa Viviane Robinson wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na wenzake. Walikusanya tafiti nyingi, wakapanga mambo anayofanya mkuu wa shule, wakaangalia lipi linagusa zaidi matokeo ya watoto. Kupanga malengo limo, kutafuta rasilimali limo, kusimamia ufundishaji limo. Lililoongoza, na liliongoza kwa mbali, ni mkuu kuwezesha walimu kujifunza huku yeye mwenyewe akiwa amekaa humo anajifunza nao. Siyo kufungua kikao na kuondoka. Kukaa.

#10 Chaki_Vumbi

Hapo kwenye "kufungua kikao na kuondoka" ndugu wa Leicester umetutaja kwa majina.

Tuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, kila shule ina jumuiya ya ujifunzaji. Kwenye karatasi ni kitu kizuri mno: walimu mnakaa wenyewe, mnachagua mada inayowasumbua, mnasaidiana. Kwetu ilikuwa hivi. Mkuu anaingia, "Haya walimu, karibuni kwenye jumuiya." Anatuambia tusogeane. Anapiga picha tatu, moja akiwa na sisi, anazirusha kwenye kundi la WhatsApp la kata, anaandika "Jumuiya ya ujifunzaji ikiendelea." Anatoka. Naye akishatoka na sisi tunatoka. Jumuiya imeendelea dakika sita.

Nasema ilikuwa, kwa sababu kuna siku mvua ilinyesha. Mvua ya bati, huwezi kutoka. Mkuu akabaki. Mada ilikuwa kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, la tano. Mwalimu mmoja wa ajira mpya akawa anaonyesha kwa kukata chapati, chapati ya kweli. Nusu na theluthi. Mkuu akatazama, akasema mbele yetu wote, "Mimi hii nilikuwa nawakaririsha tu. Sijawahi kujua kwa nini tunatafuta namba ya chini iliyo sawa." Mkuu wangu! Mtu mwenye miaka ishirini na mbili kazini. Kimya kikaingia, halafu mwalimu wa Kiswahili akasema na yeye kuna kitu hakijui, halafu mwingine. Tukakaa mpaka saa kumi na moja, mvua ilishakata zamani. Chapati tuliila.

Siku hizi picha anapiga bado, maana kata wanazidai. Ila anapiga mwishoni.

La hela nabaki pale pale.

#11 Bwana_Saruji

Uzi mzima umelipwa na hiyo mvua.

#12 Barua_Mpya

Wakuu zangu nimejiunga leo kwa ajili ya huu uzi. Barua nimepata jana, shule ya msingi, wanafunzi mia tano na ushee, walimu saba. Makabidhiano ni Jumatatu saa tatu asubuhi. Aliyepo anastaafu, ni mtu mzima, ninamheshimu, alimfundisha kaka yangu. Nitaanzaje kumhesabia madawati mbele yake? Nisaidieni.

#13 Ufunguo_wa_Stoo

Hongera na pole, zote kwa pamoja.

Nenda leo, usisubiri Jumatatu. Nenda kama mgeni, na sukari yako. Mwambie, "Mzee, nimekuja unifundishe shule kabla ya karatasi." Ukienda hivyo, kuhesabu kunakuwa somo lake kwako, hakuwi upelelezi. Mwombe mwanafunzi wa zamu au mlinzi awafungulie chumba kwa chumba, yeye aseme na wewe uandike.

Daftari la fedha: usiangalie salio lililoandikwa, omba taarifa ya benki ya mwezi huu uweke pembeni mwa ukurasa wa mwisho. Zisipolingana, muulize kwa upole, mara nyingi kuna hundi haijapita. Uliza nani wasaini wa akaunti na kama wote bado wapo shuleni. Uliza madeni: mzabuni wa chaki, fundi wa milango, mama anayepikia walimu chai. Madeni ya mdomo hayamo kwenye hati, na yatakuja kukugongea wewe. Jaribu kila ufunguo kwenye kufuli lake.

Na saini ukiwa umekaa.

#14 Mzee_wa_MANTEP

Ongeza kitabu cha matukio ya shule. Soma miaka mitatu nyuma, usiku, peke yako. Utajua mzazi gani ana kesi ya shamba na shule, mwalimu gani alipewa onyo na kwa nini, mwaka gani choo kilititia. Mimi shule yangu ya pili niligundua humo kwamba mpaka wa kiwanja ulishahamishwa mara mbili.

Na wiki mbili za kwanza usibadilishe kitu. Hata kengele. Ingia madarasani, kaa nyuma, hesabu tu watoto wangapi wamefungua mdomo kujibu. Usiandike fomu. Ukitoka, mwambie mwalimu kitu kimoja kizuri ulichokiona, cha kweli. Watakuwa wamejiandaa kwa maneno makali, utawavuruga.

#15 Mwambao_wa_Kwale

Na uulize chai hunywewa wapi, na nani hukaa na nani.

#16 Barua_Mpya

Marejesho. Nilikwenda jana Jumamosi kama mlivyoniambia. Mzee amenipokea vizuri mno, tumezunguka darasa kwa darasa tangu saa nne hadi saa nane, mkewe akatuletea ugali na dagaa hapo hapo ofisini. Funguo tisa, zote zimefungua, isipokuwa moja ya kabati la maktaba. Benki na daftari vinatofautiana kwa hundi moja ya 48,000, ameniambia ni ya mafuta ya jenereta, nimeona stakabadhi.

Shida moja. Leja ya vifaa inasema madawati 214. Tumehesabu mara mbili, yapo 187. Mzee amekaa kimya muda mrefu, akasema mengine yalichukuliwa kipindi cha mitihani kwenda shule jirani, hayakurudi, na yeye hakuandika popote. Ananiomba nisaini 214 ili aende nyumbani salama, halafu wiki ijayo tutayafuata pamoja. Machozi yalikuwa yanamlenga. Hapa sijui nifanyeje.

#17 Ufunguo_wa_Stoo

Usisaini 214.

Kesho nenda mapema, saa moja. Mchukue mzee kwenye pikipiki, mwende wote wawili shule hiyo jirani kabla ya makabidhiano, yeye ndiye atakayeyatambua madawati yake. Yakionekana, mwalimu mkuu wa pale aandike kwa mkono wake kwamba yapo kwake, idadi na tarehe, apige muhuri. Hiyo karatasi ndiyo itakayompeleka mzee nyumbani salama. Kwenye hati andika 187 yaliyopo, na chini yake yale yaliyoko jirani, kwa karatasi hiyo.

Unayo namba ya bodaboda wa uhakika?